Mama Halazimishwi

Mama alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kitu kuhusu kesi. Mtaani walimwita Mheshimiwa, kwa utani, naye aliitika bila utani wowote. Ndiyo maana alipovuka mpaka kwenda kutoa ushahidi kwenye kesi ya kitinda mimba wake, na wakili wa kijana akataka kumweleza taratibu za huko, alimkata kauli palepale.

"Mwanangu, nimeapisha mashahidi wewe hujazaliwa."

"Lakini mama, huku lugha ni moja, sheria ni nyingine. Kuna jambo—"

"Mahakama ni mahakama. Kanywe chai."

Wakili wa watu akaenda kunywa chai.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Gari la gereji lilimgonga mzee mmoja jioni, dereva akakimbia. Mzee aliokolewa, lakini miguu haikurudi. Funguo za gari walikuwa nazo mafundi wawili, mwana wa Mama na mwenzake waliyemwita Mrefu, na wote wawili wakawekwa ndani. Mrefu alikana. Mwana wa Mama naye alikana, kisha akanyamaza kabisa.

Jioni ile Mama alikuwa mgeni nyumbani kwa mwanawe. Alimwona akiingiza gari uani, taa ya mbele imepasuka. "Nimegonga mbuzi," alisema, na hakugusa chakula.

Kwa hiyo Mama alijua. Alipopata wito wa mahakama alilia hadi macho yakavimba, kisha akapata pa kujificha. Kwao, mama akiitwa kizimbani husema. Akigoma, anaweza kulala ndani yeye mwenyewe. Basi angesema kweli, halafu angemwambia mwanawe, "Ningefanyaje, baba? Sheria." Maneno hayo aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo na akayapenda. Hayakuwa uongo, na yangembakishia mwana.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja na mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wengi. Mama alipata nafasi kando ya mwanamke aliyemsogezea pochi yake ili akae vizuri. Waliamkiana. Baadaye ndipo alipotambua kwamba ni mama yake Mrefu, ambaye alikuja kila kesi ilipotajwa ingawa hakuna aliyemwita.

Mambo ya huko yalimchefua kidogo. Kwao jaji hukaa kama refa, mawakili wakitwangana. Huyu alikuwa ameshalisoma jalada lote, na maswali aliuliza mwenyewe. Mwanawe alipoambiwa ana haki ya kutojibu, akatumia haki hiyo, na hakukaripiwa. "Hapo walau wamefanana na watu," Mama alijisemea.

Kisha akaitwa. Alipanda kizimbani kama mwenye nyumba na kuinua mkono wa kulia tayari kwa kiapo.

"Shusha mkono, mama," jaji alisema kwa upole. "Huku mzazi wa mshtakiwa haapishwi. Wala halazimishwi kusema. Ukitaka kurudi ukae, rudi. Ukimya wako sitauhesabu dhidi ya yeyote."

Mkono wa Mama ulibaki hewani. Alimtafuta wakili kwa macho. Wakili, kwa adabu, akawa anasoma makaratasi yake.

Ilikuwa sheria nzuri. Mama aliona hivyo, na ndiyo iliyomtia hasira. Alikuja amejifunika blanketi, nao wamelivuta.

"Kwa hiyo nikisema, nimetaka mwenyewe?"

"Umetaka mwenyewe, mama."

Mwanawe alimwangalia kwa mara ya kwanza siku ile. Akatikisa kichwa kidogo tu: nenda kakae, mama. Na miguu ilitaka kwenda. Alipougua surua akiwa na miaka kumi na nne, Mama alimbeba mgongoni hadi hospitali, mvulana mzima, watu wakicheka. Angeshindwaje kwenda tu kukaa? Pembeni ya mwanawe, Mrefu alikuwa ameinamia sakafu. Kule benchini mama yake alikuwa bado anamshikia Mama nafasi, mkono juu ya ubao mtupu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema; hawakusema ni mwana wa nani.

Mama akasema. Alisema gari liliingia na nani, taa ilikuwaje, na habari ya mbuzi. Hakuongeza neno. Mama yake Mrefu alijifunika uso kwa mtandio.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," jaji aliuliza, "kuna aliyekulazimisha kusema haya?"

Maneno ya kwenye kioo yalimjia mdomoni yote, yamenyooka, yako tayari. Akayameza.

"Hapana," alisema, akimtazama mwanawe na si jaji. "Nimesema mwenyewe, baba."