Kabla Nesi Hajaandika

…dawa nyingine, anauliza kama kuna dawa nyingine anazotumiaga nyumbani, na kalamu inangoja juu ya kadi, kadi mpya kabisa yenye jina lake, Gaudensia Masatu, Nyegina, saratani ya nyonga, mofini ya maji mililita tano kila baada ya saa nne, na nesi Tabitha anarudia taratibu, "Mama, usinifiche, ukichanganya na kitu kingine unaweza kulala usiamke," naye Gaudensia anatabasamu tu kama mjinga, maana jibu ni bangi, na bangi nani aitaje mbele ya sare, akisema labda kadi inachanwa, labda anaitiwa polisi, maumivu yake arudi nayo Nyegina, asiposema ndiyo hivyo, kulala moja kwa moja… mlonge, ndivyo alivyomdanganya mumewe, anachemsha mlonge, na Masatu wa watu yuko hapo nje kwenye benchi, ameamini, kumbe ni mzigo wa Shija wa Bunda, unakuja umeviringishwa kwenye gazeti chini ya dagaa, umwulize Shija nichemshe kiasi gani, "We kadiria tu, mama," kadiria! mzigo wa kwanza akakadiria kijiko, wapi, nyonga ikauma vilevile, wa pili kijiko kilekile, lo, kumbe huu mkali, na siku hiyo wana msiba Butiama, wa mzee Ryoba, katekista anasoma wasifu, marehemu alikuwa mpole, hakugombana na jirani, Ryoba huyuhuyu aliyepeleka jirani barazani kwa sababu ya jogoo kuwika! kicheko kikamtoka, akajifunika kanga, mabega yanaruka, machozi tiririka, akina mama wakamdaka, jamani uchungu umemzidi, mpepeeni, na mpaka leo mjane, Nyamburi, anamletea maziwa kila Jumamosi, eti hakuna aliyemlilia mume wangu kama wewe… Mungu nisamehe, kicheko kinataka kutoka tena, anabana midomo, "Mama? Unajisikiaje?" vizuri, nesi, vizuri, hii ya hapa haikadiriwi, mililita tano leo, tano kesho, chupa ina jina lake, askari akitaka kupekua mkoba apekue mpaka achoke, na hapo chini kwenye kadi kuna namba ya simu, ikizidi piga, isiposaidia piga, angempigia nani siku ile, kicheko kilipoisha akajifungia chooni kwa marehemu, ukuta unazunguka, moyo unagonga, akajua anakufa, na Masatu alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, anakula wali na wazee, akashindwa kumwita, angemwambia nini, mlonge umeniua? miaka thelathini na moja ya ndoa na anataka kufa kimyakimya asigundulike… ah, hapana, hiyo ilimuuma kuliko nyonga, kweli ilimuuma, na kadi ichanwe kama ni ya kuchanwa, "Nesi, ngoja kwanza usiandike," na anageukia mlangoni kumwita mumewe, sauti yenyewe imetoka kubwa kuliko alivyotaka, "Baba Gody! Ingia huku, kuna swali naulizwa, na jibu lake nataka ulisikie kwangu."