Wodi ya Kusubiri

Kathambi alipoambiwa kwamba binti yake amepona lakini haendi nyumbani, aliuliza tena, maana jambo lenyewe halikuingia akilini.

"Amepona ama hajapona?"

"Amepona, mama. Shida ni bili," akajibu karani wa hospitali, macho kwenye kompyuta.

"Basi mpe nguo zake twende!"

Hakupewa. Sheila, kifungua mimba wa Kathambi, alikuwa ameletwa Meru mbio mbio kutoka Timau, anakofanya kazi kwenye shamba la maua, akapasuliwa kwa sababu mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mtoto akatoka salama, msichana, analia kwa hasira za ukoo. Watu wakamshukuru Mungu. Kisha ikajulikana kwamba pesa za bima ya afya, ambazo Sheila alikuwa akikatwa kila mwisho wa mwezi bila kukosa, hazikufika zilikokuwa zikienda. Mwajiri alikata, akatia mfukoni. Kompyuta ikasema Sheila hana bima, na kompyuta ikishasema, nani atabishana nayo?

Basi akahamishiwa wodi ya nyuma, yenye vyuma dirishani na askari mlangoni, pamoja na wanawake wengine waliojifungua wakashindwa kulipa. Hospitali haikuiita jela, a-a. Iliiita wodi ya kusubiri. Kusubiri nini, jamani? Unga umepanda, sukari imepanda, nauli imepanda. Kilichokaa chini kikatulia ni mshahara peke yake.

Kathambi huuza supu ya mifupa pale Makutano, hatua chache kutoka hospitali hiyo, karibu na malori yanapoegeshwa, na si mtu wa fujo. Alianza kwa adabu. Aliomba. Akamleta chifu, naye chifu akaomba. Akauza ng'ombe wake wa maziwa, akapeleka pesa zote, akakuta bili imenona kuliko ng'ombe mwenyewe, kwa sababu kila siku Sheila aliyokaa humo alitozwa kitanda.

"Mnamzuia asitoke, halafu mnamtoza kulala?" aliuliza Kathambi.

"Ndio utaratibu, mama."

Hapo adabu ikamwisha. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa Karwirwa, rafiki yake wa chama, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Sasa, huko Meru mwanamke akijifungua, wanawake wenzake humwendea na ucuru, uji wa wimbi uliochachuka vizuri, wakamnywesha, wakaimba, wakampigia mtoto vigelegele. Vya msichana vina idadi yake na vya mvulana vina yake, hata aliye shambani ng'ambo ya mto akisikia hujua ni nani amezaliwa. Mtoto wa Sheila hakuwa amepigiwa hata kimoja. Kathambi alikuwa anangoja afike nyumbani.

"Kwani ni mtoto wa wizi, anyamaziwe hivyo?" Karwirwa akafoka. "Tunamwendea huko huko."

Jumamosi, saa ya kuwaona wagonjwa, wao na wanawake wa chama wakaingia hospitalini na leso viunoni na vibuyu vya ucuru mikononi. Askari wa lango akawafungulia huku anatabasamu. Ni nani Meru huwazuia wanawake wenye ucuru? Hata mwenye hospitali, Daktari Kaburu, aliwaona kutoka dirishani kwake akaendelea na chai yake, na hilo ndilo kosa alilofanya.

Wodini, Kathambi akammiminia Sheila. Sheila hakunywa.

"Mama, na hawa?"

Kathambi akatazama. Kulikuwa na Rahema, mke wa mchinjaji wa Embu, na mvulana wake. Kulikuwa na kasichana ka Kangeta, nako kamezaa, ambako hakuna mtu aliyekuja kukaona. Ucuru haunywewi huku mwenzako anatazama, kwa hiyo wote wakamiminiwa. Kisha Karwirwa akasimama dirishani, akavuta pumzi, akaachilia. Vigelegele vya msichana wa Sheila. Wanawake wakaitikia. Vigelegele vya mvulana wa Rahema. Vya pacha wa mama wa kitanda cha kona. Vya mtoto wa kale kasichana ka Kangeta, nako kakaanza kulia kwa kwikwi.

Makutano nzima ikasimama. Watu wa bodaboda wakazima pikipiki. "Leo hiyo hospitali imebarikiwa!" mmoja akapiga kelele.

"Hawajazaliwa leo!" Kathambi akajibu kupitia vyuma. "Wamefungiwa! Huyu wa Rahema amejifunza kucheka humu ndani!"

Kufumba na kufumbua, umati ulikuwa langoni, simu juu, wanarekodi. Daktari Kaburu akaja mbio wodini, tai imegeukia begani.

"Mama, hii ni hospitali! Kuna wagonjwa!"

"Si mmesema hawa wamepona?"

Daktari akamvuta pembeni, akapunguza sauti. "Sikiliza. Chukua binti yako na mtoto, mpite mlango wa nyuma sasa hivi. Gari langu litawafikisha. Lakini hawa wanawake wanyamaze."

Nisimpake Kathambi mafuta: moyo wake uliruka kwa furaha. Hakuja kumkomboa Rahema. Dakika chache nyuma hata jina lake hakulijua. Alikuja kwa Sheila, na Sheila alikuwa amepatikana. Akarudi kitandani haraka, akaokota shali ya mtoto.

"Inuka twende," akanong'ona.

"Sisi wote?"

"Sisi wawili na mtoto. Upesi, kabla hajabadilisha nia."

Sheila akamtazama. "Mama, siku ambazo mshono ulinizuia kuinuka, Rahema ndiye alinishikia mtoto. Nitampitaje hapo?"

"Usiniletee ukaidi, Sheila! Nimeuza ng'ombe!"

"Huo ukaidi nimeutoa kwa nani?"

Karwirwa akaangua kicheko. Kathambi alitaka kumzaba mtu kofi, asijue aanzie wapi. Aliona uchungu, akaona na haya, kisha vyote viwili vikageuka hasira, na hasira hiyo akampelekea Daktari Kaburu mwenyewe.

"Daktari, umemsikia. Wanatoka wote, na wanatoka mbele."

"Na bili je?"

"Sheila ameshalipa. Kila mwezi amelipa. Nenda Timau ukamdai aliyekula."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Ucuru bado uko."

Akawaita kweli. Akaja koplo mmoja mwanamke, akapenya umati, akaingia wodini. Akatazama vyuma. Akatazama askari aliyesimama mlangoni, kisha watoto. Karwirwa akamkabidhi kibuyu, naye, binti wa Kimeru, akakipokea kwa mikono miwili.

"Daktari," akauliza, "hawa wameshtakiwa kwa kosa gani?"

Daktari Kaburu akaanza kueleza habari za dawa, na stima, na mishahara ya wauguzi, na huenda hata alikuwa na haki yake kidogo.

Kathambi hakungoja amalize. Alimfunga mjukuu wake kifuani, akamshika Rahema mkono, akawaambia wengine wachukue watoto wao. Walipita mbele ya koplo, wakapita mbele ya karani na kompyuta yake, Sheila akitembea polepole kwa ajili ya mshono, wote wakienda kwa mwendo wake. Askari wa lango alianza kupapasa mifukoni akitafuta ufunguo, ingawa lango lilikuwa limekomewa tu.

"Wacha," Kathambi akamwambia, akavuta komeo mwenyewe.