Mwandiko wa Mwalimu Kahongya

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ikilowesha mji wa Beni, Mwalimu Zacharie Kahongya aliketi sebuleni mwa marehemu rafiki yake Kasika, amevaa koti na tai, akisubiri baraza la familia lisomewe wosia alioutunza kwa miaka mitatu.

Koti lilikuwa la lazima. Mwalimu Kahongya alilelewa katika bweni la mapadri kule Lubero, ambako mwanafunzi alioga maji ya baridi alfajiri, na aliyekosea herufi moja aliandika upya ukurasa mzima. Miaka hamsini baadaye alikuwa bado akiyaoga maji hayo bila kulazimishwa na mtu. Mwandiko wake ulijulikana Butembo nzima, alikoishi, kuanzia barua za uchumba mpaka misalaba ya makaburi.

Ndiyo maana Kasika, mnunuzi wa kahawa, alipoanza kuugua hakwenda kwa notère, ofisa wa serikali anayeandika na kuthibitisha hati. Alimwita Mwalimu. "Miye naandika kama kuku yenye kupita mu unga," alisema. "Weye andika, miye nitatia signature." Mwalimu aliona rafiki yake amesema kweli tupu. Akaandika kurasa mbili: mashamba ya Mutwanga na depo ya kahawa kwa watoto watatu, nyumba ya Beni kwa Hulda, mjane asiye ndugu wa Kasika wa damu, aliyekuja kumpikia mwezi mmoja akabaki miaka tisa, akimwosha na kumlisha. Kasika akatia sahihi. Sahihi peke yake ndiyo ilikuwa ya kuku.

Sasa wakili wa familia, Maître Jéthro, alisimama na kufungua bahasha.

"Bazee, banafamilia, tusikilizane kwanza. Wosia ya mukono, ile tunaita olographe, ni ile marehemu mwenyewe aliandika yote na mukono yake, neno kwa neno, akatia date na signature. Kama mutu mwengine njo aliandika, hata marehemu akisaini, iko nulle. Inabakia karatasi tu. Mwenye kuachiwa kitu mu wosia tunamuita légataire. Wosia ikianguka, na yeye anaanguka nayo. Banabakia ba-héritiers, ndiyo batoto."

Wote waliitikia kwa kichwa, kama watu wanaosubiri chai. Mwalimu Kahongya hakuitikia. Alihisi maji ya Lubero yakimteremka mgongoni.

Wakili alimgeukia Paulin, mtoto wa kwanza, ambaye familia ilikuwa imemchagua kuwa liquidateur, yaani msimamizi wa mirathi. "Paulin, mwandiko hii ni ya papa yenu?"

Paulin aliichukua karatasi. Yeye na wadogo zake waliishi mbali, na kwa miaka mingi baba yao aliwafikia kwa simu tu. Aliisogeza karibu na dirisha.

"Ni muzuri sana," alisema. "Sikujua papa alikuwa na mukono ya hivi. Mais, kama ni yake, miye sibishani na mukono ya papa. Nyumba ni ya mama Hulda."

Hulda alikuwa mlangoni na sinia la chai. Siku wosia ulipoandikwa, yeye ndiye aliyeleta kalamu. Alimtazama Mwalimu, kisha akatazama vikombe.

"Muone hii K," Paulin akaendelea, akiwaonyesha wadogo zake. "Kweli mutu anakufa na zawadi yake!"

Mwalimu alikohoa.

"K hiyo ni yangu," alisema.

"Pardon?"

"Mwandiko ni wangu, tangu neno la kwanza hata la mwisho. Marehemu alitia sahihi tu."

Maître Jéthro alifunika kalamu yake. "Donc, iko nulle."

"Aksanti kwa ukweli, Mwalimu," alisema Paulin kwa heshima. Akageuka. "Mama Hulda, tunakupatia miezi mbili ya kutoka."

Hulda aligawa chai yote kwanza. Kisha akamfuata Mwalimu barazani.

"Papa Zacharie, ungenyamaza tu."

"Singeweza kusema uongo, mama."

"Nani alikuomba uongo? Nasema kunyamaza. Weye hata hukuulizwa." Alimtazama tai mpaka viatu. "Na kama Paulin angesema ile K ni mubaya?"

Mwalimu alishuka barazani. Alilichunguza swali hilo njia nzima mpaka Butembo, kwa haki kabisa, kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi asiyempenda, na hakupata jibu la kumfurahisha. Alipata jambo moja tu la hakika: iwe alisema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya herufi, nyumba ya Hulda ilikuwa imepotea kwa mkono wake.

Alikuwa na nyumba ya pili Butembo, ya matofali, vyumba viwili na jiko, iliyokuwa imebaki bila mpangaji. Jioni alimwambia mkewe, Rébecca, kwamba anadaiwa nyumba.

"Unadaiwa na nani?"

"Na Hulda."

"Alikuandikia?"

"Hakuandika."

"Basi hapana kuandika na weye! Batu bote banaandika, Zacharie. Ya kwako tu njo inakula nyumba." Akaenda kutafuta funguo.

Siku tisa kabla ya miezi miwili kwisha, hati ya zawadi ilikuwa imepita kwa notère na kusajiliwa kwa jina la Hulda. Hulda alifika kwa pikipiki, akiwa na godoro na sufuria tatu. Aliingia chumba kimoja kimoja, akagonga kuta, akatazama juu.

"Bati inavuja?"

"Moja. Jikoni."

"Utatengeneza."

"Nitatengeneza."

Hulda alipokea funguo zote mbili, akazijaribu mlangoni moja baada ya nyingine, akazifunga katika ncha ya kitenge chake. Hakusema aksanti. Deni lilikuwa limelipwa.