Saumu ya Mwenye Baiskeli

Upepo wa kusi uliomleta Barka kutoka Lamu hadi Mkokoni kwa usiku mmoja ndio huo huo uliomzuia Mwalimu Kamaludin kurudi naye. Kwa chombo, kuupinga upepo ule ilikuwa kazi ya siku tatu, na mamaye, Bi Batuli, hakuwa na siku tatu.

"Mamako ni mahututi," Barka alimwambia mlangoni, adhana ya alfajiri bado. "Yuwakwita wewe tu. Khairiya asema, kama ni kuya, uye leo."

Khairiya ni dada yake mwalimu, ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yao nyumbani kwao, mtaa wa Langoni, Lamu. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajaikanyaga Langoni kwa miaka minane. Alimwacha mkewe Swafiya kwa barua. Swafiya alikuwa mpwa wa Bi Batuli, bibi huyo alimchagua kwa mkono wake na kumlea kwa mkono wake, na barua ile ilisomwa mbele ya watu. Jibu la mama lilikuja kwa mdomo wa mtu: "Sina radhi nawe. Na siku nikifa, usishuke kaburini mwangu." Mtoto wa kiume ndiye humpokea mamaye kaburini. Kukatazwa hilo ni kuambiwa wewe si mwanangu.

Angekwenda akapiga magoti, yangekwisha mwezi ule ule. Hakwenda. Alikaa Mkokoni akiwasomesha wavuvi Kurani na fiqhi, na kila mwaka akijiambia mwakani. Alikuwa akiwahubiria watu kwamba asiye na radhi ya mama hana amali ya kujivunia, nao wakitazama mkeka kwa haya, maana habari zake walikuwa nazo.

Lakini baiskeli alikuwa nayo. Mzungu mmoja mpima nchi, alipozidiwa na homa akarudishwa kwao, alimwachia iwe shukrani kwa kumwandikia majina ya vijiji na visima. Mzungu huyo aliacha pia njia: changarawe ya mawe ya bahari, kutoka Mkokoni hadi karibu na Mokowe, ng'ambo ya Lamu. Hapakuwa na gari la kupita juu yake wala punda wa kuikanyaga. Nyani waliitumia zaidi kuliko watu, na magurudumu yaliyoijua yalikuwa mawili tu.

Ramadhani ile, mwaka wa elfu moja mia tatu na ishirini na sita wa Hijra, watu wa msikitini walimfanyia mzaha. Msafiri ana ruhusa ya kula mchana; je, mpanda baiskeli, anayemaliza mwendo wa siku mbili kabla ya alasiri, naye ni msafiri, au ni mtu aliyetoka kunyoosha miguu? Mwalimu hakucheka. Alijibu kwamba kinachoangaliwa ni masafa, si chombo. Na sharti mtu awe ameondoka kabla ya alfajiri. Ikimkuta nyumbani, saumu ya siku ile imemfunga. Kisha akaongeza kwamba mwenye kuogopea nafsi yake ana ruhusa wakati wowote. Hilo alilisema upesi upesi, kama mtu anayetaja njia ya choo.

Sasa fikiri. Mama yu kufani, baiskeli iko ukutani, adhana bado. Angepanda pale pale, angekuwa msafiri na maji yake halali. Lakini alikuwa imamu, na safu ilikuwa inamngoja. Akasalisha, akaleta na uradi wake wote, hakupunguza hata neno. Jua lilipochomoza ndipo alipoikunja kanzu kiunoni na kuondoka, amefungwa na saumu kwa fatwa yake mwenyewe.

Mwanzo njia iliandama bahari. Changarawe ililia chini ya tairi, kaa wakakimbilia mashimo yao, na upepo ukamsukuma kifuani hata akawa anakanyaga kwa kusimama. Alikuwa akipanga maneno. Mama, nimekosa. Alilijaribu kwa sauti na likamkwama, akalijaribu tena. Miaka minane neno hilo lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwake, na kila lilipotoka njiani pale aliona aibu mbele ya nyani.

Msituni upepo ulikatika. Mibambakofi ilifunga juu, joto likatuama, mavi ya ndovu yalikuwa bado yakitoa moshi katikati ya njia. Kufika saa nne ulimi wake ulikuwa mzito, na kichwa kikimgonga. Penye uwazi palikuwa na shamba la mtama na kisima, na mwenye shamba, Bi Hadia, alikuwa anateka. Alimjua mwalimu, mumewe alisoma kwake.

"Wenda wapi na hali hiyo?" akauliza, na aliposikia habari akamnyooshea kata ya maji. "Nwa. Una nyota wewe." Nyota ndiyo kiu, kwa lugha ya huko.

"Nina saumu, Bi Hadia."

"Saumu hulipwa. Siku moya baada ya Idi, yamekwisha. Mato yako mekundu, mwalimu, na ndia ya kinamasini haina kivuli."

"Nilitoka baada ya adhana. Sina ruhusa."

Bi Hadia alimtazama kwa huruma, akamwaga yale maji taratibu kwenye mizizi ya mpapai. "Wewe ndiwe msomi," akasema.

Alikuwa msomi kweli. Alizijua ruhusa zote za dini yake isipokuwa namna ya kuzipokea. Na tuseme lililo wazi: haikuwa ucha Mungu mtupu. Alitaka kuingia kwa mama yake akiwa safi, saumu yake nzima, mtu asiye na doa ila lile moja. Alitaka kuomba msamaha na huku akistahili kusifiwa.

Baada ya msitu ikaja nyika ya matete na madimbwi, maji pande zote mbili na hakuna tone la kunywa. Mbele yake, mwendo wa nusu saa, njia iliingia kwenye mikoko. Hapo ilipita juu ya mawe yaliyopangwa matopeni, na ilipitika maji yakiwa yamekupwa tu. Siku ile maji yangejaa baada ya adhuhuri. Akivuka kabla yake, saa nane yuko Langoni. Alikuwa anajua hesabu hiyo vizuri, akakaza miguu. Kisha akaona matete yanakuwa meupe. Aliusikia usukani ukimtoka mikononi, na hakusikia alipoanguka.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limepita utosini. Gurudumu la mbele lilikuwa juu, nzi wametua kwenye tandiko. Aliinuka, akaisukuma baiskeli hadi penye mikoko, na njia hapakuwa nayo. Palikuwa na maji, mapana, yametulia, yamefika kwenye matawi ya mikoko.

Akalia hapo kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini. Kilio hicho ndicho kilichomleta Mselem, mkata boriti aliyekuwa na mtumbwi wake ndani ya mikoko. Mselem aliuliza aendako tu. Alimlaza mtumbwini baina ya boriti, akamlowesha kichwa, akampa kibuyu cha maji. Mwalimu akatikisa kichwa. Alishapoteza vingi mno kwa saumu ile asikubali sasa kuipoteza na yenyewe. Baiskeli waliiegemeza kwenye mkoko, maji yakiwa kwenye ekseli.

Walifika Langoni jua limebakiza dakika chache. Aliposikia wanawake wanasoma kwa sauti ya chini ndani ya nyumba, alijua. Khairiya alitoka ukumbini, macho yamevimba.

"Alasiri," akasema. "Twakungojea tumzike baada ya isha. Alikungojea hata yeye, Kamaludin. Kila mlango ukilia aliuliza."

Ile "nimekosa" aliyoibeba kutoka Mkokoni alikuwa bado nayo, na wa kuambiwa hakuwapo.

Khairiya aliingia akatoka na bakuli la udongo, limefunikwa kwa kawa. Ndani yake mlikuwa na maji. Kwao, mzazi anayetoa radhi husukutua maji kinywani, akayarudisha bakulini, mtoto akayanywa. Yakishashuka, hakuna kinyongo tena baina yao duniani wala akhera.

"Adhuhuri alituomba mai," Khairiya akasema. "Tukadhani ataka kunwa. Akasukutua, akatia humu, akasema: 'Muwekeeni. Ataya na nyota. Mwanangu namjua, hatanwa mai ya mtu ndiani hata afe. Akiingia tu anwe, nisizikwe kabla. Kisha ashuke kaburini anipokee.'"

Mwalimu Kamaludin alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Msikiti ulikuwa jirani, na kwenye paa muadhini alikwisha panda, anakohoa kusafisha koo. Zilikuwa zimebaki dakika, pengine tano, na siku nzima iliyomgharimu mama yake ingekuwa imetimia, nzima, bila doa. Khairiya naye aliliona hilo.

"Ngojea kidogo, ndugu yangu," akamwambia kwa upole. "Adhana hii hapa. Mai hayakimbii."

"Nimekosa," akasema mwalimu, kwa sauti, akiutazama mlango wa chumba alimolala mama yake. "Saumu hulipwa."

Akanywa yote, jua likiwa bado liko juu ya maji.