Kiingereza cha Kwenye Ntumba

Mwalimu Tusajigwe alikuwa anasugua sufuria kwa majivu aliposikia binti yake anasema Kiingereza uani. Si neno moja, bwana, sentensi nzima: "The cow is eating my grass." Atusaye huyu huyu wa darasa la tano, ambaye ukimwekea kitabu mbele anatoka jasho na kusema herufi zinahama! Tusajigwe akaacha sufuria, akatoka na mikono yake michafu.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu Cornelia," mtoto akajibu, kachangamka.

Loo! Heri mtoto angemzaba kofi. Maana katika shule ile ya kijiji cha ujamaa, njia ya kwenda Msanzi, mwalimu wa Kiingereza alikuwa nani kama si Tusajigwe mwenyewe? Alitoka Mbeya na cheti chake cha ualimu cha Daraja A. Alikuwa amemfundisha binti yake kwa upole, kwa ukali, kwa fimbo na kwa peremende, na mtoto hashiki kitu. Usiku alimwombea. Alitaka jambo moja tu: Atusaye ajue kusoma, na wa kumfundisha awe mama yake. Leo anakuja Cornelia, msichana aliyeishia darasa la saba, mmoja wa wale walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao watu waliwatania eti ni Ualimu Pasipo Elimu!

Kesho yake akaenda kuchungulia. Nyuma ya madarasa kulikuwa na shamba la kujitegemea, limejaa ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Cornelia alikuwa amewakusanya huko watoto ambao shule nzima iliwaita vichwa vigumu. Kila tuta lilikuwa na neno lake. Mtoto anachora herufi kwa kidole kwenye udongo, kubwa kama sahani, anapanda juu, anapiga kelele neno lile, kisha anarukia tuta linalofuata. Mstari ukiisha, sentensi imeisha. Anayekosea hachekwi, anarudishwa kuipapasa herufi upya.

Atusaye aliruka mstari wote, na alipofika mwisho akamkimbilia Cornelia na kumkumbatia kiunoni. Hapo roho ya Tusajigwe ikawaka moto. Yeye aliyembeba tumboni, mara ya mwisho kukumbatiwa hivyo ilikuwa lini? Hata hakumbuki.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu Zenon. "Mkuu, mvua ziko mlangoni, na watoto wanachezea shamba. Kwa nini ntumba zisivunjwe, tupande ulezi?"

Zenon, Mfipa mkulima tangu utotoni, hakuona ubaya. Kila mwaka mvua zikianza ntumba huvunjwa, udongo ukatandazwa, ulezi ukapandwa. Mwaka huo wangewahi kidogo tu. Basi shule nzima ikaja na majembe, na Atusaye akapangiwa kuvunja mstari ule ule aliokuwa akiurukia. Alivunja huku analia, kamasi zinamtoka. Tusajigwe alimwona, akageukia upande wa pili kama vile anahesabu majembe.

Cornelia naye, kibaya zaidi, hakununa. "Shikamoo, mama Atusaye," akasema. "Matuta yangevunjwa tu, msimu ndio huu. Nitatafuta kiwanja kingine." Tena akatabasamu! Tusajigwe alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yamejipanga mdomoni, lakini utagombanaje na mtu anayekuamkia? Akaitikia marahaba na kwenda zake, wivu ukiwa pale pale.

Jumamosi akaegemeza ubao ukutani nyumbani, akaandika ile ile sentensi ya ng'ombe kwa mwandiko wake mzuri. "Haya, mwanangu, soma." Atusaye akasimama, mguu wake ukapapasa sakafu kama anatafuta pa kukanyaga.

"Kaa chini! Kiingereza hakisomwi kwa miguu."

Akakaa. Akautazama ubao mpaka machozi yakamlengalenga. "Zinahama, mama," akasema, na hata sentensi aliyokuwa akiiimba uani juzi haikutoka tena. Tusajigwe alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Wapi! Hapo hofu ikampata, kwamba alichokivunja shambani hakikuwa cha Cornelia hata kidogo.

Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kurundika udongo. Manyunyu yakaja, udongo wote ukaporomoka. Akarundika tena, viganja vinamchubuka, gauni limeloa tope. Tuta likakaa upande, likalala.

"Nyasi kwanza, mama," Atusaye akasema akiwa mlangoni. "Unazilaza chini, ndipo unaweka udongo."

Akajaribu kwa nyasi. Likaporomoka vile vile. Mtoto akamtazama mama yake kwa huruma, huruma ambayo Tusajigwe asingependa kuiona kwa mtu yeyote, sembuse kwa aliyemzaa.

"Nimwite mwalimu Cornelia atuonyeshe?"

Tusajigwe alishika mpini wa jembe kwa nguvu. Kila kitu ndani yake kilisema hapana. Angeweza kusema kesho, angeweza kusema mvua inanyesha, na mtoto angetii.

"Kamwite," akasema.

Hakuhitaji kurudia mara ya pili. Atusaye alishakata kona ya nyumba, anakimbia kwenye tope bila viatu, na mama yake akabaki amesimama na jembe, anauma mdomo, kwa maana hajawahi kumtuma mtoto yule mahali akakimbia namna ile.