Mchanga wa Mpangaji

Dada yangu Hadija hakukanyaga kwetu tangu harusi ya Swalehe, mtoto wa baba mdogo, na chanzo kilikuwa kitenge cha sare. Mke wangu Fatu alikishona mtindo wake peke yake, Hadija akaona amedharauliwa. Walinuniana kiasi kwamba hata shemeji yangu Harithi, mume wa Hadija, alipofariki, walishikana mikono msibani kila mmoja akitazama pembeni. Mimi nilikaa katikati, nikilaumiwa na wote wawili kwa kosa la kuzaliwa na mmoja na kumuoa mwingine.

Basi nilipigwa na butwaa kumwona Hadija anashuka kwenye bajaji mlangoni kwetu hapa Nachingwea, katoka Ruangwa, amekumbatia kisanduku cha kioo kilichofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na mchanga wa kina, bakuli la maji, makombe matupu na kaa mmoja wa pwani, wale wanaojificha ndani ya kombe la konokono na kutembea nalo. Harithi alimletea kutoka Mtwara katika safari yake ya mwisho, akamwita Mpangaji, kwa kuwa haishi kwenye nyumba aliyoijenga. Sasa Hadija alikuwa anakwenda kuvuna ufuta Malolo, kulala kwenye kibanda cha shamba kusiko na umeme. Hakunikabidhi mimi, ndugu yake wa damu. Alimkabidhi Fatu.

"Wifi, huyu akipata baridi anakufa," alisema. "Na ndiye niliyebakiwa naye."

Fatu alipokea kwa mikono miwili. Nikajua hapa tumepewa zaidi ya kaa. Akifa huyu, wanawake hawa hawatazungumza tena mpaka tunazikwa.

Watu wa Dar hawaamini kwamba kwetu kuna baridi. Waje mwezi wa saba. Mchana Mpangaji alipata joto la balbu, na umeme ukikatika Fatu alimtunza kama tunavyolea vifaranga: chungu chenye makaa yaliyofukiwa majivu, kinawekwa ubavuni, halafu juu blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa langu. Sikuulizwa, na nilipokohoa kwa makusudi Fatu alisema mimi nina nyama, kaa hana.

Kazi yangu ilikuwa makaa, na hapo ndipo ninaposemwa. Fatu anasema tangu anioe (ndivyo anavyosema, kwamba yeye ndiye aliyenioa) hajaona moto wangu ukishika mara ya kwanza. Siku umeme ulipokatika kutwa kucha, gunia la mkaa nilikuwa nimeliacha nje likalowa umande. Chungu kilifuka moshi, kikapoa mapema.

Asubuhi nilifunua blanketi. Juu ya mchanga palikuwa na kombe la Mpangaji, tupu, na kando yake yeye mwenyewe, amekauka, miguu na magando yote yametawanyika. Nilimwita Fatu nikashindwa kumwambia kitu, nikaonyesha kwa kidole tu. Alikaa chini sakafuni na kulia kama aliyefiwa na mtu. Mimi nilikuwa namuogopa Hadija, sitaficha, lakini zaidi niliona aibu kwa sababu ya lile gunia.

Nilimtumia Hadija ujumbe kwamba tumemkuta Mpangaji amekauka kando ya kombe lake, kwa kuwa huko shambani mtandao haupatikani mpaka upande kichuguu. Fatu akasema pole ya msiba haitolewi kwa simu, kesho tutakwenda Malolo wenyewe, na hatutakwenda mikono mitupu. Tutabeba karanga za kukaanga. Na karanga hukaangwa kwa mchanga, na mchanga safi kuliko ule wa kisanduku, uliochekechwa na Hadija mwenyewe, haukuwepo mtaa mzima. Fatu alisita. Nikasema moto unasafisha kila kitu. Nilizika yale mabaki nyuma ya choo, nikatoa makombe, nikapindua kisanduku juu ya sufuria kubwa. Mchanga ulikuwa na unyevu, ukashuka bonge zima kama ugali.

Nilikoka jiko. Fatu alisimama na mwiko akingoja mchanga ukauke ndipo amwage karanga, huku akinisema, kama kawaida, kwamba moto huu unangoja mvua za vuli. Simu ikaita.

Hadija hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Niliwaachia makombe mawili ya akiba. Yapo?"

Nikamwambia yapo. Akasema nikahesabu. Nilikwenda pale nilipoyaweka, nikaona kombe la zamani la Mpangaji na la akiba moja.

"Basi hajafa," akasema. "Amebadilisha ngozi akahama nyumba. Ulichokiona ni ngozi. Yeye kajifukia mchangani, msimguse."

Sijui nilivyofika jikoni. Nilisikia sauti yangu ikisema mwaga, mwaga, na Fatu, ambaye hajawahi kunitii katika maisha yetu, alishika sufuria kwa mikono mitupu akaimwaga uani. Tulipiga magoti tukapasua bonge kwa vidole. Katikati kabisa nilikamata kitu cha mviringo. Kombe. Lilikuwa na uvuguvugu. Simu ilikuwa chini, wazi, na Hadija kule kwenye kichuguu alikuwa anasikia tunavyohema.

Hakuna kilichotikisika. Fatu aliliweka kombe kwenye kiganja, akalifunika kwa kiganja kingine, midomo yake ikisema kitu ambacho hakikuwa cha kwangu. Akafunua kidogo. Kwenye mlango wa kombe palikuwa na kipapasio kimoja cheupe, laini, kinapima hewa.

Fatu aliivuta sufuria akagusa chini yake.

"Ungejua kuwasha moto," akasema, "leo ningekuwa muuaji."

Hadija akaomba apewe wifi yake. Sikusikia alichoambiwa, niliona tu Fatu anaitikia, anafuta pua kwa upande wa kanga. Tulimrudisha Mpangaji kwenye kisanduku na mchanga wake uliopoa, balbu ikawashwa, blanketi langu likarudi juu.

Ufuta ulipokwisha Hadija alikuja kumchukua. Fatu alimweleza yote, mpaka sufuria, na mimi nikatoka nje nisione. Niliporudi walikuwa wamekaa jamvi moja, wanamenya karanga mbichi, wananicheka. Hadija hakuondoka siku ile.