Vijishati Vilivyogeuzwa

Vijishati vya watoto wachanga vilianza kupungua wiki ileile alipoajiriwa mwenzangu mpya. Tulikuwa wawili tu kwenye chumba cha kufulia cha wodi ya wazazi, na mimi sikuwa nimevichukua. Nani, basi?

Mwenzangu huyo wauguzi walimwita Bi Kimya. Wakati wa kukunja, vijishati vingine alivikunja kawaida, vingine akavigeuza mishono ikawa nje, akavitenga pembeni. Nilipomwuliza, akajibu, "Hivyo bado." Bado nini? Moyo ukaniambia hiyo ni alama, kuna mtu huvipitia.

Asubuhi moja msimamizi wetu, mama asiyetabasamu, akanibana mlangoni. "Mama Pacha, vimepotea kumi na viwili. Nitajie aliyechukua, la sivyo mnaondoka wote wawili."

Nina mapacha wa miezi minane na kazi moja. Nikamtaja.

"Saa nane nitamwita," akasema.

Mchana Bi Kimya alitia vile vijishati alivyovigeuza kikapuni, akavifunika taulo, akatoka. Nikamnyemelea nipate ushahidi, labda na dhamiri ingetulia. Akaingia stoo ya magodoro mabovu. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa juu ya godoro, wembe mkononi, anafumua lebo ngumu shingoni mwa kijishati kilichogeuzwa. Kando yake palikuwa na rundo la vingine, mishono yao imefunikwa kwa kitambaa laini. Nikavihesabu. Kumi na viwili.

"Umenifuata kama wifi mwenye wivu," akasema bila kuinua uso.

"Mbona unajificha?"

"Nilikotoka waliniambia napoteza muda. Kwa hiyo natumia saa yangu ya kula. Mtoto wa siku moja hawezi kusema nguo inamkwaruza, mdogo wangu. Mungu anaijua shingo yake, na mimi namfulia Mungu."

"Dada, nimekutaja kwa msimamizi."

Wembe ukasimama. "Umenitaja kama nani?"

"Mwizi."

Akanisogezea lile rundo, akaweka juu yake kimoja ambacho bado kina lebo. "Basi nenda ukanitaje upya, vizuri."

Ofisini nilivimwaga vyote mezani. "Nilimsingizia," nikasema, nikaeleza. Msimamizi akachukua kijishati chenye lebo, akajisugua nacho shingoni, akakunja uso.

"Angeomba ruhusa."

"Ungempa?"

Akavuta karatasi. Aliponyanyua kalamu nilijua mapacha wangu wako kwenye ncha yake.

"Wewe barua ya onyo," akasema hatimaye. "Yeye aandike vinavyotoka na vinavyorudi. Na afanyie chumbani kwenu, kuna mwanga."

Nikarudi stoo na barua mkononi. Nikamwomba radhi, na kimoyomoyo nikamwomba Mungu pia.

"Kaa," akasema Bi Kimya, akanipa wembe wa pili. "Polepole, usichane kitambaa."